Jike na Dume katika Katuni za Watoto Wetu



Shule zikifungwa, watoto wetu kuanzia Diani hadi Msambweni hushinda mbele ya televisheni wakitazama katuni za wanyama. Wazazi twaridhika kwa kuwa hazina matusi wala utupu. Leo twapenda tuangalie jambo moja: mtoto hujuaje kwamba mnyama huyu ni jike?

Katika Kiswahili, nyuki, simba na ndovu wote ni "huyu", mpaka tuongeze jike au dume. Mchoraji naye hutumia alama. Mickey na Minnie, walioanza kuonekana mwaka 1928, ni panya wa sura moja. Minnie ameongezewa kope, sketi na viatu vya visigino. Kujipamba si aibu. Taabu huanza pale jike anapoachiwa mapambo na dume akapewa kazi.

Tazameni filamu ya Bee Movie ya mwaka 2007. Barry, shujaa wake, ni dume, na nyuki hodari watokao mzingani kwenda mauani ni madume vilevile. Mfugaji nyuki atacheka, kwani nyuki dume hana hata mwiba. Wajengao masega, walindao mzinga na watafutao chakula ni majike. Nasi tusomao Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, twaona nyuki akiamrishwa kujenga, kula na kufuata njia, na amri zote tatu zimekuja kwa umbo la kike. Kiarabu huruhusu jina hilo kuwa la kiume au la kike. Hapa limekuja la kike.

Katika The Jungle Book ya mwaka 1967, kundi la ndovu laongozwa na dume, Kanali Hathi. Ndovu wetu wa Shimba Hills huongozwa na jike mzee. Dume akikomaa huliacha kundi.

Binti wa miaka sita hana kitabu cha kupima aonayo. Akiona kila siku kwamba jike ni wa kupepesa kope tu, atajipima kwa kipimo hicho, na kaka yake atampima vivyo hivyo. Ilhali mama yetu Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Bi Aisha alifundisha wanaume na wanawake.

Hatusemi mzime televisheni. Akina baba na akina mama, kaeni na watoto, muwaulize: huyu jike ana kazi gani hapa? Kisha waelezeni nyuki alivyo kwa kweli.

Wabillahi tawfiq.