TAARIFA YA KATIBU: TUSIISHIE KWENYE PONGEZI



Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kundi hili hujaa pongezi na picha za maua. Wiki mbili baadaye, kimya. Naomba niseme wazi: hakuna mtoto aliyelipiwa ada kwa maua.

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ipo Samia Skolashipu kwa waliofaulu zaidi sayansi. Ni jambo jema, asiyekubali tubishane kikaoni. Lakini kigezo ni ufaulu wa juu kabisa. Binti wa shule ya kata aliyejifundisha fizikia kwa kuazima madaftari, akapata daraja la pili, hayumo. Kwangu mimi huyo ndiye aliyetoka mbali zaidi. Anabaki na Bodi ya Mikopo, nako anadaiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini, na akiwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Wapo wanaokwama hapo wakiwa na sifa zote.

Na akiingia? Darasa la kompyuta limejaa waliokua na kompyuta nyumbani, yeye anaanza kuzoea kibodi. Boom inaishia kwenye chakula na kurudufu notisi. Sapu ya kwanza, ya pili, anadisko, halafu tunasema sayansi imewashinda wasichana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwanoa wasichana kwa mafunzo ya awali kabla hawajaanza shahada za sayansi na uhandisi. Bungeni tuna viti maalum na hatuoni haya. Maabara ina nini?

Mimi ni mtu wa hesabu. Wanachama 100 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 2,400,000. Hizo ni kompyuta mpakato chache zilizotumika, na nauli. Ila fedha ndiyo sehemu rahisi. Tawi lina wauguzi, mafundi umeme, vijana wa TEHAMA. Kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja, ampigie simu kila wiki, amtafutie pa kufanya mafunzo kwa vitendo.

Wapo waliopendekeza wasaidiwe watoto wa wenye kadi tu. Napinga, na nitapinga kikaoni. Mfuko ni wetu, mtoto ni wa kata.

Viongozi wa mashina, nileteeni majina ya wanaoomba mkopo mwaka huu kabla ya Jumapili, mkionyesha nani bado hajahakiki cheti RITA. Hao tunaanza nao.

Katibu wa Tawi