Nani atamlipa mwalimu wa pili?

Kengele ya mapumziko ikigongwa, watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hukimbilia uji. Mmoja hubaki nyuma, ameziba masikio kwa viganja, anazunguka palepale. Mwalimu ana watoto arobaini. Amfuate huyo, au awatazame thelathini na tisa wanaosukumana mbele ya sufuria la moto? Jioni mama huitwa kando: "Mama, huyu mtafutie shule ya kumfaa."

Shule ya kumfaa! Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nchini Kenya ilishakata shauri: elimu jumuishi, asome na wenzake. Kinachomkwamisha ni mgawanyo wa kazi. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, huku walimu wa elimu maalum wakibaki chini ya tume ya kitaifa ya kuajiri walimu, TSC, na vituo vya kutathmini watoto, EARC, vilivyoanza mwaka 1984, vikibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo mtoto kama huyo, wa miaka minne na mwenye usonji, katika umri ambao kumsaidia kuna faida kubwa, ni wa kaunti. Mtaalamu wake ni wa Nairobi. Kila upande ukiulizwa, unamnyooshea mwenzake kidole.

Wenye uwezo hawasubiri. Katika shule za binafsi mzazi huajiri msaidizi wa kukaa na mwanawe darasani, akamlipa mwenyewe juu ya karo.

Kweli, yapo yasiyogharimu kitu: ratiba ya picha ukutani, mkeka kwenye kona tulivu, kumwambia mtoto "kengele inakuja" kabla haijalia. Picha hizo huwafaa hata wasio na usonji. Ila picha haimkimbilii mtoto aliyechomoka mlangoni kuelekea barabarani. Hapo anatakiwa mtu wa pili darasani. Na wapo watoto ambao kelele za darasa kubwa ni mateso kwao kutwa nzima. Hao wakipewa kitengo maalum ndani ya shule ileile, wakala uji na wenzao, mimi sioni tumewabagua.

Kaunti hupenda kujenga madarasa, maana darasa huzinduliwa, gavana akapigwa picha. Msaidizi wa chekechea hazinduliwi. Lakini bajeti ya kaunti haipiti bila wananchi kuitwa watoe maoni. Siku hiyo, mzazi, nenda, hata kama mwanao hana usonji, uulize wasaidizi wangapi wametengewa mshahara.