Mnara wa jirani unakula salio letu

Sisi tunaoishi Mabanda na Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania, tunalipa gharama za nje ya nchi tukiwa tumeketi barazani kwetu. Simu haijui mpaka. Mnara wa nyumbani ukidhoofika, hasa umeme unapokatika, simu hushika mnara wa ng'ambo, na hapo kila dakika hulipiwa kana kwamba umesafiri. Mchuuzi wa dagaa anayeulizia bei ya Kigoma hushtukia vocha imekwisha kabla hajajibiwa.

Nilisomea uhamishoni, nikarudi kufundisha hapa. Wazazi wa wanafunzi wangu wana ndugu pande zote mbili, ndiyo maana wengi hutembea na laini mbili. Si anasa hiyo.

Kwa sasa tujikinge. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima intaneti ya nje ya nchi, kisha uchague mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu. Bati huzuia mawimbi, basi sogea dirishani au toka nje. Kilima kikikaa katikati, hakuna dawa ila kukipanda.

Lakini kwa nini mwananchi ahangaike hivyo kila siku? Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kushusha gharama za kupigiana simu mwaka 2014 na 2015. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Serikali zetu mbili zikae, zikubaliane bei ya mpakani, na kampuni zilazimishwe kutuma onyo kabla ya kukata hata faranga moja.