Mji wa Mbwa Hujengwa na Wafugaji
Carmel-by-the-Sea, mji mdogo wa pwani ya California nchini Marekani, umejijengea jina kwa kuwapenda mbwa. Ufukweni mbwa hukimbia bila kamba, mradi wanatii sauti ya mmiliki wao. Na hoteli ya Cypress Inn, ambayo mwimbaji na mwigizaji Doris Day alikuwa mmoja wa wamiliki wake, huwapokea mbwa pamoja na wageni. Uhuru huo haudumu wenyewe. Unamtegemea mfugaji anayemfunza mbwa wake, anayemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kuokota kinyesi chake papo hapo. Mtoto anayeogopa mbwa naye ana haki ya kutembea kwa amani. Wewe unayefuga, popote ulipo, timiza kwanza wajibu huo. Ndipo uwaombe majirani uvumilivu.