Bei ya samaki iandikwe ubaoni

Mhariri,

Abiria wa basi anayeshuka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na dereva wa lori anayewahi mpaka wa Rusumo kule Ngara, wote hula mbiombio. Kwenye mgahawa mmoja hapo, jina nalihifadhi, niliagiza ugali na sato wa kukaanga. Bei sikutajiwa. Nilipomaliza, mhudumu alilitazama kwanza begi langu, ndipo akataja. Jirani yangu, mwenyeji wa pale, alilipa pungufu kwa sahani ileile.

Sato mwenyewe, nisiseme uongo, alikuwa mtamu: ngozi imekauka vizuri, limao na kachumbari pembeni.

Najua samaki hapo si wa bure. Chato ilipomegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, ilienda na Nyamirembe na ufuko wake wa Ziwa Victoria, kwa hiyo kuna barafu na nauli za kulipia. Bei ipande, sawa. Lakini iandikwe: sato mdogo kiasi gani, mkubwa kiasi gani, sangara kipande kiasi gani. Halmashauri ikitaka, kazi hiyo inahitaji ubao na chaki tu.

Msomaji wenu,
Ngara Mjini