Pima kishikwambi kabla ya kulipia pedi ya gemu

Vitufe ni muhimu, lakini cha kwanza kuangalia ni kiasi gani pedi inavutika kukibana kifaa chako. Pedi ya Backbone One imetengenezwa kwa ajili ya simu. iPad mini haiingii. Mwenye kishikwambi kidogo atafute inayofunguka zaidi, mfano Razer Kishi Ultra, inayobeba hata vishikwambi vya takriban inchi 8. Halafu plagi: iPhone 5 hadi 14 zina tundu la Lightning, kuanzia 15 ni USB-C. Kava nene nalo huzuia plagi isizame vizuri.

Mimi bado nasimama na pedi za plagi kuliko za Bluetooth. Hazina betri ya kuchaji, na kitufe kinajibu papo hapo. Kwenye gemu la risasi ukichelewa kidogo tu umeshauawa. Na jamani, chagueni pedi yenye vijiti vya kuongozea vinavyotumia sumaku, kama vya GameSir G8. Vile vya kawaida husagika ndani taratibu, mwisho mchezaji wako anatembea bila kuguswa.

Na kabla ya kulipa, hakikisha gemu lako linakubali pedi. Call of Duty: Mobile linakubali, lakini yapo yanayosikiliza kidole kwenye kioo tu.