MTAMA WA CHAMWINO UHESABIWE

Vijana wanaojifunza takwimu hupewa kwanza mafungu ya hesabu za mazoezi, ambayo yamekwisha kukusanywa na kupangwa, ili wajaribu kukisia jambo moja kutokana na jingine. Mawili yanajulikana dunia nzima. Moja ni la maua 150 ya jamii tatu, lililotangazwa na Ronald Fisher mwaka 1936. Jingine ni la ndege pengwini 344, waliopimwa Antaktika kati ya 2007 na 2009. Hatuna ugomvi na maua wala na pengwini. Lakini twauliza: kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambaye mashamba ya Chamwino ni jirani zake, kwa nini asijifunzie mtama?

Elimu hii ina asili ya shambani. Fisher huyo alibuni njia zake nyingi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoingia mwaka 1919, akipambanua mavuno yaletwayo na mbolea na yale yaletwayo na mvua au udongo. Swali hilo ndilo la mkulima wa Buigiri au Mvumi: mavuno yamepungua kwa mvua, kwa kiduha, au kwa kuchelewa kupanda?

Jambo lenyewe si la darasani tu. Shamba lililoliwa lote na kweleakwelea halina gunia la kupima, na ni rahisi liachwe nje ya daftari. Tuseme pana mashamba 10 yenye ukubwa sawa. Saba yamevuna magunia manne kila moja, matatu hayakuvuna kitu. Wastani wa kweli ni magunia 2.8. Yaache yale matatu, wastani utapanda kuwa 4, na kijiji chenye njaa kitaandikwa kuwa kina chakula. Pengwini hawamfundishi mtu ye yote hatari hiyo.

Tena, mashamba 40 ya kijiji kimoja si ushahidi sawa na mashamba 40 ya vijiji 40, maana wingu likikipita kijiji huyanyima mashamba yote kwa pamoja. Wala mavuno ya viwanja vya majaribio, vinavyopaliliwa kwa wakati wake, yasidhaniwe kuwa ndiyo ya mkulima.

Kituo cha utafiti cha Hombolo kinaujua mtama, zikiwamo mbegu za Hakika na Wahi zinazohimili kiduha. Halmashauri ya Chamwino ina mabwana shamba, na Chuo kina walimu. Twawaomba ndugu hao watoe pamoja fungu moja la mazoezi: tarehe ya kupanda, mbegu, mvua, kiduha, ndege na mavuno. Majina ya wakulima yaondolewe, jina la kijiji libaki, na shamba lisilovuna liandikwe sifuri. Kisha matokeo yasomwe kwanza katika mkutano wa kijiji, kabla mvua za Desemba hazijaanza.